Ghala la Mtoto Hujazwa Tumboni mwa Mama

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa sisi wahudumu wa zahanati mbele ya kikundi cha wasomaji, akina mama na akina baba, katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria.)



 Tunajua leo ni siku ya kazi. Wengine mmetoka shambani, wengine mmeacha dagaa wameanikwa juani. Kwa hiyo hatutawachelewesha. Tuna jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni hili: mtoto hazaliwi mikono mitupu. Mtoto huzaliwa na akiba mwilini mwake. Akiba hiyo huipata kwa mama yake wakati angali tumboni. Kama mama hana, mtoto atapata wapi?

MAMA ALIYEFICHA VIDONGE

Tuanze na habari ya kweli. Siku moja alikuja kwetu mama mmoja, hatutamtaja jina. Alikuwa amembeba mtoto wa miezi 7. Viganja vya mtoto vilikuwa vyeupe. Tulipofunua kope za macho yake, ndani hatukuona wekundu. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima wingi wa damu, tukakuta iko chini sana.

Mama akasema, "Wauguzi, mimi nashangaa. Mtoto huyu alizaliwa mzima kabisa. Alikuwa na kilo 3 na nusu. Ananyonya vizuri. Sasa hata kukaa peke yake hataki. Analala tu."

Tukamwuliza, "Mama, ulipokuwa mja mzito, vile vidonge vya kuongeza damu ulimeza?"

Akainama. Halafu akasema, "Vidonge ninavyo. Viko nyumbani ndani ya kopo."

"Kwa nini hukumeza, mama?"

"Mama mkwe aliniambia vinakuza mtoto kupita kiasi, nitashindwa kujifungua. Tena nilipomeza siku ya kwanza na ya pili nilitapika, na choo kikawa cheusi. Nikaogopa."

Je, kosa hilo ni la nani? Tulikaa tukajiuliza sisi wenyewe. Mama mkwe alisema alivyosikia kwa wenzake. Mama mtoto alimheshimu mkwewe, kama inavyopasa. Kosa kubwa lilikuwa letu sisi wa zahanati. Tulimpa vidonge, tukaandika kwenye kadi, tukamwita mwingine. Hatukumweleza vidonge hivyo vinakwenda wapi na vinafanya kazi gani. Mtu asiyeelezwa hujaza mwenyewe yale asiyoyajua. Basi leo tumekuja kulipa deni hilo.

MADINI NI NINI?

Tunaposema madini, wengi mnafikiri dhahabu ya Geita au almasi ya Mwadui. Lakini yako madini mengine ambayo miili yetu inayahitaji kila siku. Madini hayo yamo ardhini na majini. Mimea huyafyonza kwa mizizi. Sisi tunakula mimea, tunakula wanyama waliokula mimea, tunakula samaki. Ndivyo madini yanavyotufikia.

Leo tutazungumza juu ya madini matatu. La kwanza ni chuma. Ndiyo, chuma kile kile cha jembe! Lakini hatutafuni jembe. Chuma cha mwili ni kidogo sana, na kimo ndani ya chakula. Kazi yake kubwa ni kutengeneza damu. La pili ni madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu. Hayo hujenga mifupa na meno. La tatu ni madini joto, yaani iodini. Hayo ni ya lazima kwa ubongo wa mtoto.

Shikeni neno hili: mwili hauwezi kuumba madini. Mwili unaweza kugeuza ugali kuwa mafuta, lakini hauwezi kugeuza ugali kuwa chuma. Kama madini hayakuingia kwa mdomo wa mama, hayana njia nyingine ya kumfikia mtoto, isipokuwa yatoke katika akiba ya mwili wa mama mwenyewe.

KIVUKO KILICHO NDANI YA TUMBO

Sasa, mtoto tumboni hali kwa mdomo. Anakula kwa njia gani? Anakula kwa njia ya kondo la nyuma.

Kondo la nyuma mnalifahamu. Wakunga wameliona mara nyingi, na sisi sote huwa tunalizika kwa heshima baada ya mtoto kuzaliwa. Ni kama sahani nene ya nyama, nyekundu, yenye uzito wa karibu nusu kilo. Upande mmoja limeshikamana na mji wa mimba. Upande wa pili inatoka kamba ya kitovu kwenda kwa mtoto. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa mitatu. Mmoja unapeleka kwa mtoto damu iliyobeba chakula na hewa safi. Miwili inarudisha kwenye kondo damu iliyobeba taka.

Watu wengi hufikiri kwamba damu ya mama inaingia moja kwa moja kwa mtoto. Sivyo. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kila mmoja ana damu yake. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na kundi moja la damu na mtoto akawa na kundi jingine.

Chakula kinapitaje basi? Fikirini kivuko cha ziwani. Lori linakuja na mzigo hadi ufukoni. Lori lenyewe linabaki upande huu. Wachukuzi wanashusha mzigo, wanaupakia kwenye kivuko, unavuka. Ng'ambo kuna lori jingine linalosubiri. Mzigo unapakiwa humo na safari inaendelea. Ndivyo ilivyo katika kondo. Lori la upande huu ni damu ya mama. Lori la ng'ambo ni damu ya mtoto. Kinachovuka ni mzigo tu.

Ndani ya kondo mna vijinyuzi vingi sana, mfano wa mizizi ya mgomba. Ndani ya kila kijinyuzi inapita damu ya mtoto. Nje yake inazunguka damu ya mama, kama maji yanavyozunguka mizizi ya mpunga. Vijinyuzi hivyo vyote vikikunjuliwa na kutandazwa chini, vinaweza kufunika eneo la karibu mita za mraba 12 mimba inapokomaa. Hicho ni chumba cha mita 3 kwa mita 4! Katika miezi ya mwisho, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama inapita kwenye kondo kila dakika. Usiku na mchana, mama akilima au akilala, kazi hiyo haisimami.

CHUMA HUVUKA NJIA MOJA

Chuma hakitembei peke yake katika damu. Kinabebwa na mchukuzi wake, ambaye wataalamu wamempa jina la transferini. Mchukuzi huyu akifika kwenye kondo anakuta milango maalumu inayomtambua. Mlango unampokea, anaingizwa ndani pamoja na mzigo wake, anashusha chuma, kisha anarudishwa kwa mama kuchukua mzigo mwingine. Chuma kinasukumwa mbele hadi upande wa mtoto. Huko mchukuzi wa mtoto anakipokea.

Safari hii ni ya kwenda tu. Chuma kilichoingia kwa mtoto hakirudi kwa mama.

Tena kondo lina tabia ya kumpendelea mtoto. Chuma cha mama kikipungua, kondo huongeza milango ili likamate hata kile kidogo kilichobaki. Kwa hiyo mama anaweza kuishiwa damu, anasikia kizunguzungu, moyo unamwenda mbio akipanda kilima kidogo, na huku mtoto bado anakua tumboni. Watu wakimwona tumbo limekua wanasema, "Huyu hana shida." Kumbe shida ameibeba yeye.

Lakini upendeleo huo una mwisho. Mama akipungukiwa sana, mtoto naye hupata pungufu. Hawezi kuvushiwa mzigo ambao haukufika ufukoni.

Mimba moja, tangu mwanzo hadi kujifungua, inahitaji chuma cha karibu miligramu 1,000, yaani gramu moja. Mtaona ni kidogo. Lakini kukipata kidogo hicho ni kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma kilichomo katika mboga na nafaka haifyonzwi na mwili, inatoka na choo. Kati ya miligramu hizo 1,000, kiasi cha 300 ni cha mtoto na kondo lake. Nyingine ni za kuongeza damu ya mama mwenyewe, na za kufidia ile inayopotea siku ya kuzaa.

Sehemu kubwa ya chuma cha mtoto huvuka katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake huzaliwa na ghala nusu.

Na kwa nini tunaliita ghala? Kwa sababu maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga, lakini yana chuma kidogo. Wala hiyo si kasoro. Mtoto aliyezaliwa kwa siku zake, mwenye ghala lililojaa, anaweza kuishi kwa akiba hiyo pamoja na maziwa ya mama mpaka karibu miezi 6. Baada ya hapo ghala linakwisha, na lazima aanze kupewa vyakula vingine vyenye chuma.

Sasa mmeelewa habari ya yule mtoto wa miezi 7. Alizaliwa na kilo 3 na nusu, mnene, ngozi inang'aa. Mizani ilipima uzito wake, lakini mizani haioni ndani ya ghala. Akiba ilikuwa ndogo, ikaisha mapema. Na chakula alichoanzishiwa kilikuwa uji mweupe wa mahindi, mtupu.

MADINI YA CHOKAA HUPANDISHWA MLIMA

Tuje kwenye madini ya chokaa. Mtoto anapozaliwa ana kiasi cha gramu 30 za madini hayo, karibu yote yakiwa katika mifupa. Sehemu nne kati ya tano za gramu hizo huvuka katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu wakati huo ndipo mifupa inakuwa migumu.

Hapa kuna jambo la ajabu. Maji hutoka juu kwenda chini, siyo? Lakini damu ya mtoto ina madini ya chokaa mengi kuliko damu ya mama. Kwa hiyo madini haya hayatiririki yenyewe. Lazima kondo liyapandishe, kama mtu anayepandisha ndoo za maji kutoka ziwani hadi nyumba iliyo mlimani. Kazi hiyo inakula nguvu, na nguvu inatokana na chakula cha mama.

Mwili wa mama nao unajitahidi. Wakati wa ujauzito utumbo wake hufyonza madini ya chokaa karibu mara mbili ya kawaida. Lakini kama chakula hakina, mwili huchota katika mifupa ya mama. Wengine husema mtoto hula meno ya mama. Hapana, madini hayatolewi katika meno. Meno huharibika kwa sababu ya uchafu na ufizi unaovimba wakati wa ujauzito. Kinachochotwa ni mifupa.

Tena, mama asiyepata madini ya chokaa ya kutosha yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupanda shinikizo la damu na kupata kifafa cha mimba. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, mahali ambapo watu hupata madini haya kidogo, wajawazito wapewe vidonge vya kalsiamu.

MADINI JOTO NA UBONGO WA MTOTO

Shingoni tuna tezi ndogo. Tezi hiyo hutumia madini joto kutengeneza kichocheo ambacho ubongo wa mtoto unakihitaji ili ukue. Katika miezi ya mwanzo, tezi ya mtoto haijaanza kazi. Anategemea kichocheo cha mama kinachovuka kondo. Mimba ikifika kiasi cha miezi minne au mitano, tezi ya mtoto inaanza kutengeneza chake. Lakini malighafi, yaani madini joto yenyewe, bado lazima yatoke kwa mama.

Mama akiyakosa kabisa, mimba inaweza kutoka, au mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au kiziwi. Na ubongo ambao haukujengwa vizuri tumboni haujengwi upya shuleni. Mwalimu atamchapa bure.

Katika nchi yetu, nyanda za juu kama za Iringa, Mbeya na Rukwa zilijulikana kwa ugonjwa wa rovu, kwa sababu udongo wa huko umepungukiwa madini joto. Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana. Kisha katika miaka ya 1990 ikaamriwa kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Ndugu zetu, chumvi ile ya pakiti siyo anasa ya watu wa mjini. Ni ubongo wa mtoto.

KIVUKO HICHO HUPITISHA NA SUMU

Zamani hata madaktari waliamini kwamba kondo ni ukuta imara. Walidhani linapitisha mema na kuzuia sumu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilikuwa kinamwaga maji machafu yenye zebaki baharini. Zebaki ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1956. Baadaye wakaonekana watoto waliozaliwa na viungo vilivyopooza na ubongo ulioharibika, na huku mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili chache tu. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba watoto hao walipata sumu wakiwa tumboni. Zebaki ilikuwa imevuka kondo.

Kwa nini tunawaambia habari za Japani? Kwa sababu zebaki ipo hapa kwetu. Katika machimbo madogo ya dhahabu Geita na kwingineko, watu huitumia kukamata dhahabu. Halafu wanaichoma, hata jikoni, hata mama mja mzito akiwa karibu anapika. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Mama anauvuta, unaingia katika damu, unavuka kwa mtoto. Akina baba mnaochimba, tunawasihi: msichome zebaki nyumbani. Nguo za machimboni msimpe mama mja mzito azifue.

Sumu nyingine ni risasi. Nayo huvuka kondo. Inapatikana katika baadhi ya rangi za kale, katika betri za gari zinazovunjwa, na katika baadhi ya udongo ule ambao wajawazito hupenda kula. Hatuwacheki akina mama wanaokula udongo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Lakini udongo hautibu. Udongo hushika chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kuleta minyoo pia. Ukisikia hamu ya udongo, njoo upimwe damu.

Na malaria je? Vijidudu vya malaria hupenda kujificha ndani ya kondo la nyuma. Vikijazana humo, kivuko kinakwama. Mtoto anapungukiwa na chakula na hewa, anazaliwa mdogo. Ndiyo maana mjamzito lazima alale ndani ya chandarua chenye dawa, na ameze dawa za kukinga malaria anazopewa kliniki.

TUFANYE NINI?

1. Mama aanze kliniki mapema, mara akitambua kuwa ana mimba. Asingoje tumbo lionekane.

2. Ameze kidonge cha kuongeza damu kila siku, kimoja. Hakimkuzi mtoto kupita kiasi. Kinapunguza hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na kinamlinda mama siku ya kujifungua, maana mwenye damu kidogo akivuja kidogo tu yuko hatarini. Choo kuwa cheusi si ugonjwa, ni chuma kilichobaki. Kama kidonge kinakuchafua moyo, kimeze usiku baada ya kula. Ukishindwa kabisa, usikitupe kimyakimya. Njoo utuambie.

3. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu visimezwe pamoja. Viachane kwa saa kadhaa.

4. Kula vyakula vyenye chuma: nyama, dagaa, samaki, maharage, kunde, choroko, mchicha, matembele, kisamvu. Pamoja navyo kula chungwa, pera, ukwaju au kamulia limau, kwa sababu ukali wa matunda husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Chai na kahawa huzuia chuma. Msinywe pamoja na chakula. Ngojeni saa moja au mbili.

5. Kwa madini ya chokaa, kunyweni maziwa na mtindi, kuleni dagaa pamoja na mifupa yake, na uji wa ulezi. Dagaa wetu wa ziwani tunawauza wote mjini, sivyo? Tubakize fungu moja la mama mja mzito.

6. Nunueni chumvi yenye madini joto. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi. Itieni chakula kinapokaribia kuiva.

7. Siku ya kujifungua, kitovu cha mtoto kisikatwe upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau dakika moja hadi tatu, kama mtoto anapumua vizuri. Katika dakika hizo damu iliyomo ndani ya kondo huendelea kuingia kwa mtoto. Huo ni mzigo wa mwisho wa chuma, na hauna bei. Mwombeni mhudumu angoje.

8. Mtoto akitimiza miezi 6, aendelee kunyonya, na aanze kupewa uji uliotiwa unga wa dagaa au karanga, maharage yaliyopondwa, yai na mboga za majani.

Akina baba, msione mambo haya ni ya wanawake. Nani anashika fedha za chumvi? Nani anagawa nyama mezani? Zipo nyumba ambamo paja la kuku ni la baba, na mja mzito anabaki na mchuzi. Ziko nyumba ambamo mama mja mzito anakatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa bila nywele. Mayai hayaondoi nywele za mtoto. Anayemnyima mama anamnyima mtoto wake mwenyewe.

SWALI LA BIBI

Juzi, tulipokuwa tunatayarisha mazungumzo haya, bibi mmoja alituuliza: "Wajukuu zangu, sisi zamani hatukumeza vidonge. Mbona tulizaa?"

Tukamjibu, "Ni kweli, Bibi, mlizaa, na sisi ndio matunda yenu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema mwenyewe, "Nilizaa tisa. Watano ndio walioishi. Na dada yangu aliondoka na damu, siku ya kuzaa."

Hatukusema kwamba wote wale walikufa kwa kukosa chuma. Hatujui, na hakuna aliyewapima. Lakini bibi yule akatuambia, "Basi waambieni hawa wasichana wameze." Tumefikisha ujumbe wake.

Na yule mama wa kopo la vidonge? Mtoto wake tulimpa dawa ya maji yenye chuma kwa miezi mitatu, na mama akabadilisha uji. Mtoto sasa anakimbiza kuku uani. Mama ana mimba nyingine ya miezi minne. Safari hii alikuja kliniki na mama mkwe wake. Tuliwaeleza wote wawili habari ya kivuko. Mama mkwe akasema, "Mbona hamkutueleza hivi tangu mwanzo?" Hatukuwa na la kujibu. Siku hizi mama mkwe ndiye anayemkumbusha kumeza kidonge kila usiku.

Ndugu zetu, mnajua kusoma sasa. Kadi ya kliniki isomeni. Maandishi ya pakiti ya chumvi yasomeni. Mkiona jambo hamlielewi, tuulizeni mpaka mlielewe. Ni haki yenu.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, damu ya mama huchanganyika na damu ya mtoto? Eleza kwa mfano wa kivuko.

2. Kwa nini mtoto mnene anaweza kupungukiwa damu akifika miezi 7?

3. Nyumbani kwako nani hupewa chakula bora zaidi? Mja mzito hupata nini?

4. Chumvi mnayotumia ina madini joto? Soma pakiti yake.

5. Je, katika kijiji chetu wapo wanaochoma zebaki nyumbani? Tutafanya nini pamoja nao?